Sura Zilizopigwa Pasi

Ukitaka kumkorofisha Fundi Sura, mwambie kwamba kupiga picha ni kubonyeza tu. Ataiacha hata chai iliyokwisha kumiminwa, ipoe, akufafanulie kwamba kubonyeza ni kazi ya kidole, na kidole hakina akili. Kazi yenyewe, atakwambia, huanza mteja akishakwenda zake, mlango ukishafungwa na fundi akabaki peke yake na uso wa mwenziwe. Na usidhani utaponyoka kwa kuitikia tu. Atakuuliza kama umeelewa, na ukisema umeelewa, atakuuliza umeelewa nini.

Alikuwa na haki ya kuringa, tuseme ukweli. Mjini pale sebule isiyokuwa na kazi ya mkono wake ungeitafuta kwa tochi. Maharusi, wahitimu, watoto wachanga, wazee waliotaka kuacha sura kabla hawajajiondokea, wote walipitia kwenye kile kiti chake cha kuzunguka mbele ya pazia la kijivu, na wote walitoka wazuri. Juu ya mlango aliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: HAPA HATOKI MTU MBAYA. Watu walicheka wakipita, kisha siku zao zilipofika wakaingia.

Ugonjwa huo wa picha aliupata utotoni. Baba yake alipofariki alipelekwa kwa mjomba wake, mtu mkavu aliyekuwa na studio nyuma ya soko, na aliyezungumza na watoto kama watu wanavyozungumza na paka, yaani kuwaambia watoke. Kazi yake ikawa kufagia na kuchota maji. Halafu siku moja mjomba aliteguka mkono, akalazimika kumwita kwenye chumba cha giza amshikie sinia la dawa. Chini ya taa nyekundu karatasi nyeupe ikatumbukizwa, na mtoto akaona macho ya mwanamke yakijitokeza kwenye ile karatasi, macho kwanza, ndipo pua, ndipo mdomo. Akaanza kulia. Mjomba akamkemea asije akadondosha machozi kwenye dawa. Lakini ndiyo basi tena, mtoto alikwisha patikana. Shule aliimaliza kwa kusukumwa, mpira hakuujua, na wenzake walipoanza kuwasindikiza wasichana, yeye alikuwa akiwatazama usoni tu, akipima mwanga unaangukia wapi.

Hapa sina budi kueleza jambo la kazi, na nitalieleza mara moja. Zamani hizo picha ilitoka kwenye filamu, na kwenye filamu mambo yote yako kinyume: cheupe ni cheusi, cheusi ni kama kioo kitupu. Mtu akiwa na doa jeusi usoni, kwenye filamu doa hilo ni uwazi, na fundi huujaza kwa penseli iliyochongwa ikawa kama sindano. Hilo si neno, penseli hufutika. Lakini mtu akiwa na alama nyeupe, kovu la moto au baka, kwenye filamu alama hiyo ni weusi mzito, na weusi huo hauondoki ila kwa kukwanguliwa na ncha ya wembe, taratibu, pumzi imezuiwa. Kilichokwanguliwa hakirudi tena. Mjomba aliiita kazi yote hiyo kupiga pasi. "Huyu mpige pasi," angesema, na mpwa angeinama juu ya kioo chenye taa chini yake, akaanza kunyoosha.

Mpwa alimzidi mjomba. Mjomba alipofariki na studio ikawa mikononi mwake, alikuwa hodari kiasi kwamba hata kuongeza aliweza, si kupunguza tu. Harusi moja baba wa bibi harusi alikuwa amefariki wiki chache kabla, na familia ikaona uchungu kupiga picha yenye pengo. Fundi Sura akachukua picha ya kitambulisho ya marehemu, akaikuza, akaikata, akaipaka, akaipiga tena, na picha ilipotoka marehemu alikuwa amesimama nyuma ya binti yake, mkono begani, kivuli chake kikianguka upande uleule wa vivuli vya wengine. Mama wa bibi harusi alipoiona alikaa chini. Habari hiyo ilizunguka mji mzima, na Fundi Sura aliisimulia hadi watu wakaanza kumkwepa.

Mkewe alimpata palepale studio. Alikuja msichana aliyetaka picha ya kitambulisho, mchangamfu, hana watu wengi; alilelewa na bibi yake aliyekwisha fariki. Chini ya sikio lake la kushoto, kuteremka kwenye taya hadi shingoni, alikuwa na baka jeupe alilozaliwa nalo, lenye kingo za kupindapinda. Hakulificha. Alikaa kwenye kiti, akacheka kwa sababu kiti kilizunguka, akaharibu picha ya kwanza, wakapiga nyingine. Mlango ulipofungwa, Fundi Sura alikaa na uso ule muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa na uso wowote. Alikuwa amependa, masikini, na hakujua njia nyingine ya kupenda uso ila kuunyoosha. Akachukua wembe.

Msichana alipokuja kuchukua picha aliitazama kwa muda, kisha akauliza, "Huyu ni nani?"

Fundi akadhani anasifiwa. Aliwasimulia marafiki swali hilo kama mtu anavyosimulia medali. Hakuangalia kwamba tangu siku ile yule msichana alianza kufunga mtandio wake kwa namna nyingine, ukipita chini ya kidevu na kubanwa upande wa kushoto, na kwamba alipokuja kuolewa mtandio ule haukutoka tena mbele za watu. Majirani walimjua kama mwanamke mwenye haya. Hakuwa na haya hata kidogo.

Fundi alimpiga picha mno. Dirishani, jikoni, akiwa mjamzito, akiwa na mafua. Zote alizinyoosha. Mara moja tu mkewe aliomba. Alikuwa amempakata mtoto wao wa kiume, mtandio umeteleza mabegani, jua la asubuhi limejaa chumbani, na akasema, "Hii iache ilivyo, baba nanii." Fundi akaitikia kwa moyo mweupe. Akaingia chumba cha giza akiwa na nia njema kabisa, akaiweka filamu juu ya kioo, akaitazama. Mkono ukamwasha. Akajiambia atapunguza kidogo tu, ile ncha ya juu. Alipoipeleka ile picha ndani, mkewe aliipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, akaiweka kabatini. Hakuomba tena. Mtoto alikuwa bado anajifunza kutembea homa ilipomchukua mama yake.

Kwa hiyo yule mtoto alilelewa na shangazi yake, dada wa Fundi Sura, na kwa picha. Alipolia usiku alipewa picha. Alipoanza shule aliibeba moja kwenye mfuko wa shati hadi ikachanika. Fundi Sura, ambaye hakuwa mtu wa kuongea mambo ya moyoni, kila alipoulizwa mama alikuwaje alinyoosha kidole ukutani akasema, "Si yule pale, mtazame. Picha haina mdomo wa kusema uongo." Akamfundisha kazi, akamweka kwenye kile kioo chenye taa, akamchongea penseli. Kijana alikuwa na jicho. Lakini zama ziligeuka, akaenda kukaa kwenye kompyuta katika duka la uchapaji, akitengeneza mabango na kadi, na baba yake akasema, haya, hiyo nayo ni pasi, ila ya umeme. Shangazi naye akafariki. Studio ikabaki na wateja wa kubahatisha.

Kijana akaoa mwalimu wa chekechea, msichana mnyoofu asiyemung'unya maneno, ambaye Fundi Sura alimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu alisikiliza ile hadithi ya harusi na marehemu hadi mwisho, na akauliza swali. Walipata mtoto wa kike. Na mtoto alizaliwa na baka jeupe chini ya sikio la kushoto, likiteremka kwenye taya hadi shingoni.

Fundi Sura alifikishwa wodini, akafunuliwa kitambaa, akaangua kicheko. Hakuwahi kucheka vile tangu afiwe. Akambeba mtoto akamwita mke wangu, akamwambia karibu nyumbani, ulichelewa wapi, wakati wote huu nakusubiri. Machozi yakamtoka. Mkwewe akacheka naye bila kuelewa. Mwanawe hakucheka. Alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mikono mfukoni, akitazama lile baka kama anavyotazama kazi ya mtu mwingine iliyokosewa.

Walipotoka nje kwenye korido akamuuliza baba yake alikuwa anamwita nani mke wake. Fundi akamwambia, mama yako alikuwa na baka hilo, palepale, umbo lilelile, limekuruka wewe likamwangukia mtoto. Mwanawe akasema hajapata kulisikia jambo hilo. Na kweli hakupata kulisikia. Nani angemwambia? Majirani waliona mtandio. Shangazi hakuwa mtu wa kutaja kasoro za marehemu, na baba alikuwa akinyoosha kidole ukutani.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo, lakini shaka ikishaingia kwa mtu mwenye jicho la kazi ni balaa. Pale chekechea palikuwa na dereva wa basi la watoto, mtu wa makamo, mcheshi, mwenye mabaka meupe mikononi. Ugonjwa wa ngozi tu, kila mtu aliujua. Lakini kijana akakumbuka kwamba dereva huyo ndiye aliyekuwa akimrudisha mkewe siku za mvua. Akaanza kwenda kusimama nje ya shule. Akaanza kuuliza maswali madogomadogo mezani, yale ambayo anayeulizwa hujua yanaelekea wapi kabla ya anayeuliza. Mkewe alivumilia, kisha siku moja akaweka kijiko chini, akamuuliza kama ana jambo aliseme. Akalisema.

Mkwe akaja kwa Fundi Sura na mtoto mgongoni. Hakulia. Alieleza yote kwa utaratibu, akasema amemaliza kujibu, na kwamba dada yake anayeishi nchi nyingine amemwambia aende huko. Fundi akamshauri waende hospitali, siku hizi kuna vipimo vya damu, jambo linakwisha. Mkwe akamtazama.

"Baba, leo anipime kwa hili. Kesho je? Nikichelewa sokoni nako nitakwenda kutolewa damu?" Akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Mimi namtaka mtu anayeniamini. Kama ushahidi upo, auone kwenu, kwa damu yake. Si kwa mwanangu."

Fundi Sura akamwomba asiondoke kwanza. Akamwambia ushahidi upo, tena tele, kwani yeye alimpiga marehemu picha kuliko mtu yeyote alivyowahi kupigwa mjini pale. Alisema hivyo kwa kujiamini kabisa. Mkwe alipokwisha kwenda ndipo aliinua macho ukutani.

Kutoka ukutani mkewe alimtazama, shavu safi, taya safi, shingo safi. Akaenda kabatini, safi. Akafungua zile albamu za jalada gumu akazipekua moja moja, na kila alipofungua alikuta kazi nzuri, kazi ya kupigiwa mfano, hakuna hata mahali wembe ulipoteleza. Kazi nzuri ile ndiyo iliyokuwa inamfukuza mjukuu wake. Akakaa sakafuni katikati ya picha akajitukana kwa sauti, matusi ya utotoni, yale ya nyuma ya soko.

Halafu akakumbuka kiti kilivyozunguka. Picha ile ya kwanza kabisa, iliyoharibika kwa sababu msichana alicheka. Haikusafishwa kwenye karatasi, na filamu isiyotolewa picha haikuwa na sababu ya kupigwa pasi. Na Fundi Sura hakuwahi kutupa filamu. Alikuwa nazo kwenye makopo ya maziwa, makopo yamejaa uvunguni mwa kitanda, juu ya kabati, hata chooni, na shangazi enzi za uhai wake alikuwa akisema kwamba nyumba ile ikiungua, moshi wake utakuwa na sura za watu.

Aliitafuta kwa siku nyingi, akizishika filamu moja moja mbele ya dirisha, na macho yake ya uzee yakimtoka machozi. Alipoipata hakuwa na uhakika, ikabidi aisafishe kwenye karatasi. Dawa iliyokuwepo ilikuwa ya zamani, karatasi zimeanza manjano. Akafunga mlango wa chumba cha giza, akawasha taa nyekundu, akatumbukiza karatasi kwenye sinia.

Macho yalikuja kwanza. Halafu meno, kwa sababu alikuwa anacheka. Halafu, chini ya sikio, baka likaanza kujitenga na weusi wa ngozi, likateremka kwenye taya, likapindapinda hadi shingoni. Fundi Sura alishika ukingo wa meza. Kilichomuumiza hakikuwa kumwona. Kilichomuumiza ni kwamba hakumtambua. Kwa kitambo kizima alitazama uso ule akimtafuta mkewe, maana mkewe aliyekuwa akimkumbuka, yule aliyekuwa akilala naye ndotoni miaka yote hii, alikuwa yule wa ukutani. Huyu mwanamke mwenye baka, anayecheka na kichwa kimegeuka, alikuwa mgeni. Akamwomba radhi. Akasubiri picha ikauke, akaitia kwenye bahasha pamoja na filamu yake, akavaa koti lake la heshima, akaenda.

Mwanawe alikuwa dukani, mashine zinanguruma, anatengeneza bango la kampuni ya magodoro. Fundi akasubiri hadi amalize, kisha akaweka picha juu ya meza, taratibu, na filamu kando yake. Alikuwa na hakika kwamba haihitaji maneno. Kijana alifuta mikono akaiinua. Aliitazama sana. Uso wake ulilegea, na kwa nukta moja Fundi akaona mtoto yule wa mfuko wa shati, akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Kisha kijana akavuta droo, akatoa kioo cha kukuzia, akawasha taa ya meza, akaiweka filamu juu yake akainama. Mzee alilitambua lile pindo la mgongo. Ndiye aliyelifundisha.

"Umeitengeneza lini, Baba?"

Fundi hakuelewa swali. Akajibu kwamba hajaitengeneza, ndiyo maana yake, hii ndiyo pekee ambayo haijaguswa, aliipiga kabla hata hajamjua jina.

"Alama nyeupe ukitaka kuitia, unajaza penseli kwenye filamu," kijana alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu wenzake walikuwa karibu. "Penseli laini, halafu unapangusa kwa pamba isionekane. Umenifundisha mwenyewe, na penseli ukanichongea. Mtu aliyemsimamisha marehemu kwenye harusi hadi mjane akaketi chini, atashindwa na baka?"

"Huyo ni mama yako, mwanangu. Naapa kwa kaburi lake."

"Mama yangu namjua." Akazima taa ya meza. "Sina kitu kingine cha mama yangu ila zile picha. Nimelala nazo. Nimezungumza nazo. Uliniambia hazisemi uongo, nikakua hivyo. Leo kwa ajili ya kumfichia mtu aibu yake, unamchukua mama yangu unampaka mabaka ya dereva wa basi?"

Fundi Sura alijaribu kusema. Alisema kwamba ni zile za ukutani zilizotengenezwa, zote, kila moja, kwa mkono wake, kwa wembe, na kwamba hii ndiyo ya kweli. Alikuwa akisema ukweli mtupu, na kadiri alivyousema ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Kijana alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akairudisha ile picha na filamu yake kwenye bahasha, akaiweka mkononi mwa baba yake, akamkunjia vidole juu yake kama anayemlipa. Akasema hana ugomvi naye, anajua amefanya kwa huruma. Akarudi kwenye magodoro.

Baada ya hapo mambo hayakuchukua muda. Mkwe alifunga mizigo yake bila kelele, akaacha kazi chekechea. Dereva wa basi alihamishwa, sijui kwa kosa gani. Fundi Sura alimpelekea mkwe ile picha aione. Yeye aliiamini palepale, akacheka akasema, jamani, bibi yake huyu, akaiweka shavuni kwa mtoto wake akayalinganisha mabaka. Lakini kuamini kwake hakukuwa na faida, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anajua tangu mwanzo. Akaomba aichukue, mtoto akikua aione. Fundi akampa, na filamu akampa.

Siku moja kabla ya safari mkwe akaja studio na mtoto. Walihitaji picha ya hati ya dharura ya kusafiria, ile inayotolewa siku hiyohiyo. Alikuwa amevaa nguo ya safari tayari, na viatu vigumu. Angeweza kwenda popote, akasema, lakini alitaka ipigwe hapa. Kisha akaongeza, akimtazama mzee machoni, kwamba anataka mtoto atoke alivyo.

Fundi Sura alimwapia. Alisema hatagusa kitu, wembe ameutupa, penseli ameivunja. Na alikuwa amefanya hivyo kweli. Akapangusa kiti kwa kiganja chake. Akamketisha mjukuu juu ya mito, mtoto ambaye sasa alikuwa anakaa mwenyewe na kushangaa kila kitu, akamwimbia kidogo, akamwita mke wangu, akamtania kwamba anamkimbia mumewe bila talaka. Akawasha taa ya kushoto akaizima, akawasha ya kulia. Akasogeza kiti kwa kidole kimoja. Akarudi nyuma ya kamera, akarudi tena kwa mtoto, akamwinua kidevu kidogo, akamshusha bega. Mikono yake ilikuwa na wepesi wa ujana. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya dukani, alionekana mtu mwenye raha. Akainama kwenye kamera.

"Baba," mkwewe alisema.

Akaitikia bila kuinua kichwa. Akamwambia asogee kidogo, kivuli chake kinaingia.

"Baba, umemgeuza."

Akatazama. Mtoto alikuwa amekaa vizuri sana. Mwanga wote ulimwangukia shavu la kulia, laini, jeusi, halina doa. La kushoto alikuwa ameliacha upande wa pazia, gizani. Fundi Sura alibaki ameinama pale, akijaribu kukumbuka ni wakati gani alifanya hivyo, na hakukumbuka. Akanyoosha mkono akirudishe kiti, mkono ukasimama hewani, haujui kwingine pa kukipeleka.

Mkwewe alimwinua mtoto kwenye mito bila ukali wowote. Alimfunga mgongoni, akafunika miguu yake kwa kitenge, akainama kumpa mzee mkono wa kuagana kwa mikono yote miwili, kama anayeagana na baba mzazi. Alisema ng'ambo ya barabara kuna duka lenye mashine, inapiga picha bila mtu, dakika moja unapata. Fundi Sura alisimama mlangoni akawatazama wakivuka.